Namna ya Kuuweka Mtaa Safi na Salama kwa Mikono ya Wakazi Wenyewe

Mtaa wetu, ulioko pembezoni mwa Dar es Salaam, ulianzisha ulinzi shirikishi mara mbili ukashindwa, na mara ya tatu ndipo uliposimama. Watu walewale waliojitokeza kwa wingi mara ya kwanza ndio waliojitokeza mara ya tatu, na tochi zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni daftari. Mara ya tatu tulinunua madaftari makubwa matatu yenye jalada gumu, moja la zamu, moja la matukio na moja la fedha, tukakubaliana kwamba kila mkazi anaweza kuyafungua siku yoyote mbele ya katibu. Nimekuwa katibu huyo kwa miaka sita, na ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angenieleza kabla hatujapoteza miaka miwili.

Kabla ya kununua reki au filimbi hata moja, nendeni kwanza ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, na uchaguzi wa mwisho ulifanyika Novemba 2024; mtendaji wa mtaa ni mtumishi wa halmashauri. Wote wawili mnawahitaji, kwa sababu mwenyekiti ndiye anayeitisha mkutano wa wakazi, na mtendaji ndiye njia yenu ya kuifikia manispaa. Kamati iundwe na mkutano, majina yasomwe hadharani, muhtasari uandikwe na nakala yake ifike kwa mtendaji wa kata na kwa polisi kata. Kikundi cha vijana kinachozunguka usiku bila muhtasari huo, hata kikiwa na nia njema kiasi gani, hakina tofauti machoni pa sheria na genge lolote, na siku mtu atakapoumia hakutakuwa na wa kukitetea.

Kamati iwe moja. Hapa nasisitiza, kwa kuwa mitaa mingi huunda kamati ya usafi upande huu na ya ulinzi upande ule, kisha zikashindana kwa michango. Siku tulipozunguka mtaa mzima kwa miguu, tukiwa na karatasi na kalamu, tulikuta kwamba orodha ya sehemu chafu na orodha ya sehemu zenye kibaka zilikuwa karibu orodha moja. Pagale lililoachwa na mwenyewe kwa miaka lilikuwa jalala mchana na maficho usiku. Uchochoro ulioota vichaka ndio uliopitisha televisheni mbili zilizoibwa. Ukifyeka mahali na kuweka taa, umekwisha kufanya nusu ya kazi ya mlinzi, na mlinzi anayepita hapo kila usiku humzuia mtu kumwaga taka zake gizani.

Mzunguko huo wa kwanza ufanywe mara mbili, asubuhi na tena usiku, na muwe na mama lishe au dereva wa bodaboda kati yenu, kwa maana hao wanaujua mtaa katika saa ambazo wengine tumelala au tuko kazini. Andikeni kila mtaro ulioziba, kila kiwanja kisichofyekwa, kila chemba iliyofunuka na kila kona yenye giza. Msiandike majina ya watu siku hiyo; andikeni mahali tu.

Hatua inayofuata ni kuugawa mtaa katika mafungu madogo. Mfumo wa nyumba kumi sisi tunao tangu zama za TANU, na Kenya iliuazima kwa jina lilelile la Nyumba Kumi mwaka 2013, kwa hiyo hakuna haja ya kubuni kitu kipya. Lakini hesabuni milango badala ya nyumba. Nyumba moja ya kupanga inaweza kuwa na vyumba vinane na familia nane, na ukimwandika mwenye nyumba peke yake, ambaye huenda anaishi wilaya nyingine, umewaacha nje watu thelathini wanaotumia choo hicho, wanaotoa taka hizo na wanaoibiwa hapo. Wapangaji husemwa kuwa hawajali mtaa kwa sababu wanahama. Uzoefu wangu ni kinyume: mpangaji aliyeitwa kwenye kikao kwa jina lake hufika kabla ya mwenye nyumba. Sisi tuliweka mafungu ya milango kati ya kumi na kumi na mitano, kila fungu likachagua wawakilishi wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, na hao ndio wanaobisha hodi, wanaokumbusha zamu na wanaopokea malalamiko.

Taka na mitaro

Taka za nyumbani zina adui mmoja mkubwa, nao ni kutojulikana kwa siku ya kuzolewa. Mama aliyejaza mfuko wa taka siku ya Jumatatu, naye hajui kama guta litapita Jumatano au wiki ijayo, atavumilia harufu siku tatu, kisha mfuko utaishia mtaroni. Kwa hiyo, kabla ya kumgombeza mtu yeyote, hakikisheni kuna siku na saa inayojulikana, na kwamba mzoataka anaishika. Mkataba wa kuzoa taka husimamiwa na halmashauri, na ada hupangwa kwa sheria ndogo za halmashauri. Kazi ya kamati ni kudai ratiba iandikwe, ibandikwe dukani na penye bomba la maji, na kuandika katika daftari la matukio kila siku ambayo gari halikuja. Baada ya miezi miwili mtakuwa na ukurasa wenye tarehe, na ukurasa huo mbele ya mtendaji wa kata una uzito kuliko kelele za watu hamsini. Kila anayelipa adai stakabadhi.

Sehemu kubwa ya uzito wa taka zetu ni mabaki ya chakula, maganda na majani. Wekeni utaratibu wa ndoo mbili katika kila nyumba, moja ya mabaki ya jikoni na nyingine ya vitu vikavu. Maganda ya ndizi, viazi na mboga huchukuliwa kwa furaha na wafugaji wa mbuzi na nguruwe, au hufukiwa katika shimo la mboji nyuma ya nyumba kama nafasi ipo. Chupa za plastiki na vyuma chakavu vina wateja wake. Kinachobaki kwa ajili ya guta huwa kidogo na kikavu, hakinuki, na kijana anayelisukuma hapati sababu ya kumwaga nusu ya mzigo njiani. Kuchoma plastiki uani kukatazwe kabisa, kwa sababu moshi wake una sumu, na wanaouvuta kwa karibu zaidi ni watoto wanaocheza hapohapo.

Wapo wanaoamini kwamba mkazi wa kawaida hawezi kuibana halmashauri katika jambo hili. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, walioteswa na moshi na harufu ya dampo la jiji lililokuwa katikati ya makazi yao, walikwenda Mahakama Kuu na wakashinda. Jiji liliamriwa kuacha kumwaga taka pale, na lilipoomba kuongezewa muda, Jaji Lugakingira alikataa kukubali kwamba mamlaka ya umma inaweza kuhatarisha uhai wa watu inaowatumikia, akiegemea haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Sisemi kila kamati ikimbilie mahakamani. Nasema kwamba barua yenye tarehe, picha na saini za wakazi ina nguvu.

Mitaro ndiyo iliyotufundisha zaidi. Dar es Salaam ina misimu miwili ya mvua, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na watu wengi husafisha mtaro baada ya maji kuingia ndani. Safisheni Februari na Septemba. Mwaka wetu wa kwanza tulizibua mtaro wa mita zisizozidi mia moja, na nakumbuka tulivyotoa humo mapampasi kwa makumi, ndala, makopo ya rangi, godoro la mtoto na mchanga mweusi uliogandamana hadi sururu ikawa inadunda. Tuliufukua vizuri, tukaurundika mchanga wote kando ya mtaro ili ukauke, tukaenda nyumbani tumeridhika. Usiku ule mvua ilinyesha, na asubuhi mchanga wote ulikuwa umerudi ulikotoka. Tangu siku hiyo sheria yetu ni kwamba kazi ya mtaro haijaisha mpaka udongo uondoke, na hatuanzi kuchimba kabla ya kuwa na toroli au kirikuu cha kubebea. Anzeni kuchimba kutoka chini, kule maji yanakoishia, mkipanda juu. Mkianza juu mtawasukumia majirani wa chini uchafu wenu. Mtaro mkubwa wa barabara ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na huo mwandikieni barua kupitia mtendaji, lakini tawi linalotoka uani kwenu ni lenu.

Mtu asidhani kwamba kazi kubwa zaidi ya hiyo haiwezekani. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, eneo lisilopimwa lililokuwa likifurika kila masika, walijengewa mitaro na barabara kwa nguvu za wakazi wenyewe, wanaume kwa wanawake, waliofanya kazi kwa ujira huku wataalamu wakiwaelekeza.

Jambo lingine la msimu wa mvua ni kutapisha vyoo. Kila mtu anajua linafanyika, na hakuna anayependa kulisema mbele ya mwenye nyumba. Mvua ikianza kupiga, bomba la choo hufunguliwa na kinyesi huelea hadi mlangoni kwa jirani wa chini. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ukaenea mikoa mingi ulitukumbusha kwamba ugonjwa huo husafiri kwa njia hiyohiyo, kutoka chooni hadi kwenye maji na mikononi. Tulichofanya ni kuwaita wenye nyumba wa fungu moja wakati wa kiangazi, kabla hasira za masika hazijaanza, wakachangiana gari moja la maji taka lizunguke nyumba nne au tano siku moja. Gharama kwa kila mmoja ilishuka, na aibu pia ilishuka, kwa sababu hakuna aliyesimama peke yake. Anayeendelea kutapisha baada ya hapo apelekwe kwa bwana afya bila kuonewa haya.

Kuhusu mbu, kumbukeni kwamba mbu wa homa ya dengi, iliyotusumbua mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana na huzaliana katika maji safi yaliyotuama: matairi ya gereji, sahani za vyungu vya maua, mapipa yasiyofunikwa, makopo. Yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi hali ya joto ikiwa nzuri kwake, hivyo vyombo vimwagwe na kusuguliwa kila wiki. Kusugua ni lazima, kwa kuwa mayai hushikamana na kingo za chombo na yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri maji. Watoto wa shule hufanya kazi hii vizuri kuliko sisi. Wape daftari waandike vyombo walivyovikuta.

Sasa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa kwa agizo la Rais Magufuli na nchi nzima ikashika mifagio, na kutokana na siku ile utaratibu wa usafi wa kila mwisho wa mwezi ulienea. Ndugu zetu wa Rwanda wana umuganda Jumamosi hiyohiyo. Kosa ninaloliona ni watu kufagia mbele ya milango ambayo hufagiwa kila siku, kupiga picha na kutawanyika. Chagueni kazi moja tu ambayo nyumba moja haiwezi kuifanya peke yake: pagale moja, mtaro mmoja, uchochoro mmoja. Itangazwe wiki moja kabla, zana zihesabiwe zikitoka na zikirudi, gambuti na glovu ziwepo kwa wanaoingia mtaroni, na kazi ianze saa moja asubuhi na kumalizika saa tatu, kabla ya jua kuwa kali na kabla ya watu kuanza kukumbuka shughuli zao. Mgonjwa na mzee wasihesabiwe kuwa watoro. Mmoja akileta maji ya kunywa, jina lake liandikwe kama la mwenye sururu.

Ulinzi

Ulinzi wa wananchi una historia yenye pande mbili. Sungusungu walizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Shinyanga na Tabora, miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi waliochoshwa na wizi wa ng'ombe, na wizi ulipungua kweli. Lakini baadhi ya vikundi hivyo vilitesa na hata kuua watu, wakiwamo vikongwe walioshukiwa uchawi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya doria, inayopaswa kusomwa kila usiku kabla ya kuondoka, ni kwamba mlinzi hahukumu na hapigi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa la jinai, na inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Hakuna kingine kinachoruhusiwa kati ya kukamata na kukabidhi.

Nitaeleza kisa kimoja. Saa nane za usiku, zamu yetu ilimkuta kijana ameegemea ukuta wa nyumba ambayo ilikuwa imeibiwa wiki iliyotangulia. Alikuwa na begi. Wenzangu wawili walikwisha kuinua fimbo.

"Shikamooni, wazee," alisema, sauti ikitetemeka.

Mzee wetu wa zamu akaitikia, "Marahaba, kijana wangu. Unatoka wapi saa hizi?"

"Nimetoka Mbeya, basi liliharibika njiani. Mama mdogo anaishi humu, nabisha hawasikii, na simu imezima."

Tulibisha sisi. Taa ikawashwa, mama akatoka na kanga begani, na alipomwona alilia. Kama mzee yule asingeitikia ile shikamoo kwanza, tungekuwa tumemuua mtoto wa jirani yetu mlangoni pa mama yake mdogo, na mpaka leo nikipita kwenye ukuta ule mwili hunisisimka. Tangu usiku huo fimbo hazibebwi, na mapanga hayajawahi kuruhusiwa. Mlinzi hubeba tochi, filimbi na simu yenye chaji; mtu hasimamishwi na mlinzi mmoja bali na watatu au zaidi; huulizwa kwa heshima, na jina na saa huandikwa. Ikiwa umati umekusanyika na kelele za mwizi zimepigwa, kazi ya zamu ni kumzunguka mtuhumiwa ili asiguswe, huku mmoja akipiga 112 kuwaita polisi. Moto ukiwaka namba ni 114, na zote mbili ziandikwe kwa rangi ukutani mahali pa wazi.

Zamu ziwe fupi na za haki. Watu sita kwa usiku, kuanzia saa tano hadi saa kumi, kila mmoja asirudi kabla ya wiki mbili; mtaa wenye wanaume na wanawake themanini na wanne walio tayari unatosha kwa hesabu hiyo, kwa kuwa watu sita kwa usiku kumi na nne ni themanini na wanne. Asiyeweza kukesha, kwa umri, ugonjwa au kazi ya usiku, achangie chai na betri. Njia ya doria ibadilishwe kila siku. Wanawake wa mtaa wetu walichagua zamu ya saa kumi na moja alfajiri, wakati wenzao wanapokwenda sokoni na mabinti wanapowahi daladala, na nadhani zamu hiyo imezuia maovu mengi kuliko yetu ya usiku wa manane.

Doria husikia pia yanayotokea ndani ya nyumba. Mkisikia mtu anapigwa, bisheni hodi, na jambo lipelekwe kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Wasiitwe wazee kulisuluhisha likaishia sebuleni, hasa mtoto akiwa ndiye aliyeumizwa.

Taa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa kumi na moja kila usiku hutumia uniti 3 hivi za umeme kwa mwezi. Kila nyumba iliyo na umeme iweke moja nje, ikitazama njia badala ya kutazama ua, na kwa kona isiyo na nyumba fungu lichange.

Fedha

Hapa ndipo kamati nyingi hufia. Mchango uwe mdogo kiasi kwamba muuza karanga anaweza kuulipa, na upokewe na mtu mmoja, uandikwe na mwingine, na utolewe kwa saini za watu wawili ambao si ndugu. Mkipokea kwa simu, laini iwe ya kamati, na ujumbe wa kila muamala unakiliwe daftarini siku hiyohiyo. Kila mwisho wa mwezi karatasi moja ibandikwe dukani: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na majina ya waliochanga. Msibandike majina ya wasiochanga. Tulijaribu, na tulichopata ni ugomvi na mjane mmoja aliyeacha kabisa kuja mikutanoni kwa aibu. Asiye na fedha apewe nafasi ya kutoa saa zake, na saa hizo ziandikwe kwenye ukurasa uleule. Faini zisitozwe na kamati kwa namna yoyote ile. Mwenye mamlaka ya kutoza ni halmashauri kupitia watendaji wake, na siku mtakapoanza kutoza wenyewe watu watawaogopa ninyi kama wanavyomwogopa kibaka.

Kamati ikabidhiane kila baada ya mwaka mmoja au miwili, hata kama waliopo wanafanya vizuri. Siku ya makabidhiano zana zitolewe zote uani na kuhesabiwa mbele ya mkutano, reki ngapi, makoleo mangapi, filimbi ngapi, tochi zinazowaka na zisizowaka. Katibu anayeondoka apige mstari chini ya hesabu ya mwisho ya kila daftari, asaini, anayeingia asaini chini yake, na mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Kisha wote watembee tena ule mzunguko wa kwanza, mchana na usiku, wakiwa na orodha ya zamani mkononi.